Makofi Nyuma ya Ukuta

Sogezeni viti, wanangu, msinikalie mbali kama watu waliokuja kudai kodi ya nyumba. Wewe kifunguamimba kaa hapa, upande wa sikio langu zima. Binti yangu keti kitandani, miguuni pangu. Na wewe kitindamimba zima hiyo simu, maana leo mimi ndiye ninayepiga na sitapiga mara ya pili. Watoto wenu msiwe na wasiwasi nao, shangazi yenu amewapeleka chumba cha uani ili sisi tusikilizane. Basi sikilizeni, kwa sababu pumzi niliyo nayo ni ya kuazima, na mwenyewe amekwisha kubisha hodi.

Nianze na vitu, kwa kuwa najua kuna mtu humu tangu asubuhi anaipima nyumba kwa macho. Nyumba hii haiuzwi. Ni yenu wote watatu, na yeyote atakayerudi akiwa amechoka na dunia aikute ina mlango na kitanda. Karakana nampa binti yangu pamoja na kila kilichomo, misumeno, patasi, na ile randa niliyoachiwa na aliyenifundisha kazi, kwa sababu wakati ninyi wavulana mlikuwa mnalikimbia vumbi la mbao yeye alikuwa analifagia, na baadaye akaanza kulitoa mwenyewe. Kifunguamimba, usikunje uso. Wewe una ofisi na kiti cha kuzunguka, na mdogo wako ana maneno, na mwenye maneno halali njaa. Zile mbao ngumu zilizolala darini mwa karakana, ambazo kila mmoja wenu amekwisha kuniuliza bei yake kwa kuzungukazunguka, nitazisema baadaye, maana zina kazi.

Deni la fedha sidaiwi na mtu. Ninalodaiwa ni la neno, na ndilo lililonifanya niwaite nikiwa bado naweza kukohoa na kusema kwa zamu.

Mnakumbuka kwamba miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nasoma matangazo kanisani. Mchungaji alikuwa na mahubiri, mimi nilikuwa na sauti, na Mungu anisamehe, niliipenda ile sauti yangu kwenye kipaza sauti kuliko inavyofaa. Na kila mwaka, shule zikikaribia kufungwa, lilikuwapo tangazo la kuwashukuru walimu wa watoto, yaani shangazi yenu, na yule kinyozi wa karibu na soko anayewapigia ngoma, na wasichana wawili watatu waliokuwa wakija, wakaolewa, wakaenda. Tangazo hilo sikulisoma harakaharaka kama yale ya miavuli iliyosahauliwa. Nililipamba. Nilisema hawa ndio wanaokaa na watoto wetu ili sisi tusali kwa utulivu, nikasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nikasema simameni walimu wetu tuwaone, na ukumbi mzima ukapiga makofi hata popo wa darini wakahama. Hakusimama mtu. Mwaka wa kwanza nikadhani ni haya. Mwaka uliofuata nikadhani ni haya tena. Kisha nikaanza kudhani ni kiburi, na mtu akishaanza kudhani hakosi ushahidi.

Siku moja, marehemu mama yenu akiwa hai, shangazi yenu alikuja hapa wakawa wanakunja nguo uani, nami nikiwa karakana nikamsikia akisema, "Wifi, mimi siombi kulipwa, naifanya kazi ile kwa moyo. Lakini hata neno? Neno moja tu?" Wanangu, damu ilinipanda kichwani. Nikatoka na msumeno mkononi kama mwendawazimu, nikamwambia, "Kweli shukrani ya punda ni mateke! Kila mwaka tunakushukuru mbele ya watu wote, unataka sasa tukubebe mabegani?" Akanitazama. Akasema, "Lini, kaka?" Nikaona ananikejeli. Nikampa mgongo, nikarudi kwenye ubao wangu, na ule ubao nikaukata vibaya, sikuweza kuutumia tena.

"Lini, kaka?" Maneno mawili, tena alikuwa anauliza kwelikweli.

Toka siku ile salamu zetu zikawa za mlangoni. Akija kumwona mama yenu mimi nina kazi, nikienda kwake yeye ametoka. Kisha mama yenu akatutoka. Siku ya mazishi, pale kanisani, nilikaa benchi la mbele, nikageuka kulia, nikageuka kushoto, nikimtafuta dada yangu wa tumbo moja, simwoni. Ndugu wa mbali wapo, majirani wapo, hata yule muuza gundi niliyegombana naye yupo, dada yangu hayupo. Nikajiambia, basi, huyu amenizika na mimi pia. Chuki ile nililala nayo na kuamka nayo, nikaipa nafasi aliyoiacha mama yenu. Nanyi kila nilipomsema mlinyamaza, mkidhani ni uchungu wa msiba.

Sasa nikuulize wewe kitindamimba, uliyekuwa mdogo kuliko wenzako. Siku ile ulikuwa wapi? Sema tu. Chumba cha nyuma. Na nani? Mapajani pa nani?

Usilie, baba. Hukunificha kitu, sikukuuliza.

Niwaambie nilivyokuja kujua, maana sikujua kwa akili zangu. Kikohozi hiki kilipoanza kunisumbua, nikaona aibu kumkatiza mchungaji kila baada ya aya, nikamwomba mzee mmoja wa kanisa anitafutie pa kukaa penye mlango wa nje. Akanipeleka chumba cha nyuma, kwa watoto. Mimi, fundi niliyetengeneza kila benchi la ukumbini, nikakalishwa juu ya kopo la rangi lililowekwa kipande cha ubao, kwa sababu ndivyo watoto wanavyokaa kule, na ndivyo mlivyokaa ninyi, na hakuna siku mliyokuja kuniambia wala mimi kuingia kutazama. Shangazi yenu akanisalimu kwa heshima, akaendelea na kazi. Yule kinyozi, ambaye nywele zake mwenyewe zilikuwa msitu, maana kinyozi hajinyoi, akapiga ngoma, wakaimba, kisha watoto wakainamisha vichwa kusali. Katika ule ukimya nikasikia makofi kutoka ukumbini, yanaupiga ukuta kama mvua ya mawe. Sauti ya aliyenirithi kwenye matangazo sikuisikia, ukuta ule ni mnene. Nilisikia makofi tu. Nikauliza, "Hayo ni ya nini?" Shangazi yenu akajibu bila kugeuka, anamfuta mtoto kamasi, "Ah, kila mwaka wakati kama huu hupiga. Nadhani huwa wanatambulisha wageni." Kinyozi naye akadakia, "Na wageni wenyewe lazima ni wakubwa, makofi yao si haba!" Wakacheka wote wawili.

Mimi sikucheka. Nilihesabu siku moyoni, nikakumbuka ni Jumapili gani, na kopo lile likawa linanichoma.

Mmeelewa? Tulikuwa tunawashukuru wakati wako nyuma, wanatuchungia watoto ili tuweze kuwashukuru kwa utulivu. Hata keki tuliyokuwa tunawakatia, tuliila sisi, maana wao hawakutoka mpaka kila mtoto amekabidhiwa kwa mzazi wake, na wazazi walikuwa huku mbele wanakula keki. Msiniulize kwa nini hakuna aliyemwambia. Neno likishasemwa kwenye kipaza sauti kila mtu hudhani limefika, na wao walikuwa na heshima mno kuja kuuliza mbona hatushukuriwi. Yeye aliuliza mara moja, mara moja tu, nikamjibu kwa punda.

Nilitaka kumwambia palepale. Badala yake nikainuka, nikatoka. Nikasema nitamwambia Jumapili ijayo, na Jumapili hiyo ikanikuta hospitalini nina mpira puani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao tele, na majuto yamekuja kukaa nao chumba kimoja. Nimepoteza dada, wanangu, miaka yote hiyo, na yeye alikuwa nyuma ya ukuta, mahali ambapo mtu angefika kwa kufungua mlango. Naumia. Kifua hiki daktari anakitibu, huko kwingine hakufikii.

Nipeni maji. Kidogo, yatosha.

Sasa maagizo, nanyi msiyabadilishe nikishafumba macho. Zile mbao za darini niliziweka kwa ajili ya sanduku langu, nilitaka nizikwe kifundi. Sizitaki tena. Nifanyieni sanduku la mbao laini, mchwa nao wana haki yao. Zile ngumu, wewe binti yangu, utengeneze mabenchi ya chumba cha nyuma, ya urefu wa watoto, na pembe zote uzipige msasa hadi ziwe laini kama shavu, maana kule wanaangukaanguka. Na utengeneze viti viwili vya watu wazima, vyenye egemeo, kimoja cha shangazi yako na kimoja cha kinyozi. Uwapelekee mwenyewe, uwaambie vinatoka kwangu na kwa ajili ya nini.

La pili. Siku ya kunizika watoto watapelekwa nyuma kama kawaida, wasilie wakasumbua ibada. Na shangazi yenu atawakusanya kabla hajaombwa na mtu, namjua, na nisipowaambia atanizika kama alivyomzika wifi yake, nyuma ya ukuta. Sitaki. Yeye na kinyozi watakaa benchi la mbele, la familia. Kwa hiyo mmoja wenu ataikosa ibada ya baba yake. Atakaa na watoto, awafute kamasi, awaimbie, asisikie hata sifa moja ya yale mtakayonisingizia. Na msimshukuru kwa kipaza sauti. Mtu hushukuriwa usoni, mkono wake ukiwa mkononi mwako.

Nani atakaa nao?

Msisemezane pembeni, nijibuni mimi. Nimeuliza jambo dogo, na...

Hebu nyamazeni. Hapana, nyamazeni kabisa. Mnasikia? Huko uani. Anawaimbia. Ule ule wimbo aliowaimbia ninyi.

Loo, jamani. Hata leo. Nimesema yote haya, nimelia mbele yenu, na mwenyewe yuko chumba kingine anatuchungia watoto. Nimerudia lile lile! Mtu mzima ninakufa na sijajifunza. Mwiteni. Lakini atasema hawezi kuwaacha, ndivyo atakavyosema, basi lazima mmoja aende kwanza akashike zamu. Sasa hivi. Siku ya mazishi ni mbali.

Wewe, kifunguamimba? Wewe wa kiti cha kuzunguka? Haya, mwanangu. Vua koti kwanza, watakupaka uji. Na kabla hujatoka inama, nikuwekee mkono, usije ukaikosa baraka kwa sababu uko na watoto. Hilo kosa nimelifanya vya kutosha. Mungu akupe macho ya kuona aliye nyuma. Nenda. Nanyi wawili, njooni. Mkono umekuwa mzito, inueni wenyewe... hivyo. Mpendane. Mkikosana msilale nalo, ulizaneni "lini", ulizaneni "kwa nini", na mwenye kuulizwa ajibu. Mungu awape watu wa kuwafungulia mlango. Amina, semeni amina, sauti yangu haifiki.

Wimbo umekatika. Ameanzisha mwingine... huyo ni kaka yenu. Anaimba vibaya, masikini.

Karibu, mdogo wangu. Usisimame hapo mlangoni. Watoto wana mtu, waache. Njoo huku, keti hapa, nipe mkono... huu hapa. Karibu zaidi, sauti imekwisha.

Uliniuliza "lini, kaka". Yale makofi. Ya kila mwaka, ya nyuma ya ukuta.

Hakukuwa na wageni, mdogo wangu. Tulikuwa tunakupigia wewe.