Sauti Isiyorusha Ndege

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, ndugu Mwenyekiti wa kijiji chetu cha Idete, wazee kwa heshima zenu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi watoto mliokaa chini kwa kukosa viti: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo, marahaba.

Najua wapo wanaojiuliza, huyu naye amepewa kipaza sauti kwa lipi? Mimi ni Balbina. Bibi harusi wetu, Levina, alikuwa mke wa mwanangu Fulgensi, ambaye mtumbwi wake ulipinduka katika Mto Kilombero miaka kadhaa iliyopita. Mtumbwi tuliupata. Yeye hatukumpata.

Desturi yetu mnaijua: asiyeonekana huzikiwa mgomba badala ya mwili, na mgomba ukishazikwa, mjane yuko huru. Mimi nilikataa. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa namsikia. Mpunga ulipoanza kukomaa, asubuhi za ukungu, juu ya dungu lake, ulingo wa kulindia shamba, lisilo na mtu, mwanangu alikuwa akiamia ndege, akiwafukuza wasile mpunga. "Hoooya! Hoooya weee!" Levina alisikia. Wendelin, rafiki yao tangu shule, anayelima jaruba la jirani, alisikia pia. Nikasema, anayeita yu hai. Nani azike mgomba?

Basi hawa wawili wakawa wanasemezana kwa kupaza sauti, kila mmoja katika dungu lake, ili sauti ile isiwakute kimya.

"Wendelin, umelala?"

"Nilale vipi, na wewe unapiga debe kama mgambo?"

"Basi imba."

"Nikiimba mimi, hata mpunga utahama!"

Levina akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na mimi kilinichoma. Msimu baada ya msimu walisemezana hivyo, wala hakuna aliyevuka tuta, wala hakuna aliyeniomba neno. Walijua Levina ni mke wa mtu mpaka mimi niseme.

Mwaka huu nilikwenda mwenyewe nikasimama chini ya dungu lile. Ukungu ulikuwa mzito. Sauti ikaita juu ya kichwa changu, karibu hivi. Mbele yangu kwelea walikuwa wamejaa kwenye mpunga. Hakuruka hata mmoja. Ikaita tena, wakaendelea kula, taratibu, kama wako kwao. Mara Wendelin akakohoa kule kwake, kikohozi tu, na jaruba zima likainuka angani.

Nani katika bonde hili asiyejua kwamba ndege humkimbia mtu aliye hai?

Nilirudi nyumbani nikamwambia Levina, "Mwanangu, kakate mgomba."

Akaniuliza, "Una hakika, mama?"

Nikamjibu, "Ndege wana hakika."

Tulimzika mwanangu, Baba Paroko akatuombea. Sitawadanganya, ndugu zangu: sauti haijaacha. Lakini mimi sasa najua ni ya nani, na najua haihitaji mke.

Wendelin, leo simrudishi Levina kwao ndipo umchukue. Namtoa kwangu, kama binti yangu wa kumzaa, na mwenye neno la kuwazuia nilikuwa mimi, na neno hilo sina tena. Mkirudi shambani mkasikia mtu anaita kwenye ukungu, msiitike. Nitaitika mimi, ni mama yake. Ninyi semezaneni.

Mungu awalinde, nami nawashukuru nyote kwa kunisikiliza.