Cheti cha Kumsubiri Aava

Benchi letu liko nje ya ukumbi wa soko, mjini Kotka, upande ambao upepo wa bandarini haufiki. Saa nne asubuhi Irmeli, tunayemwita Bibi Chupa, huja na chupa ya kahawa. Kauko alikagua tiketi za treni miaka thelathini na miwili, akabaki na jina la Hakimu. Taisto tunamwita Mkimya, ndiyo maana tulishtuka asubuhi ile alipoanza kusema kabla hajamiminiwa. Analea mjukuu wake, Aava, wa miaka kumi na mitatu, ambaye tangu mama yake afariki alikuwa hasemi na mtu.

— Wamemzuia Sirkka asimtibu Aava, alisema. Kanuni mpya. Anayetibu akili za watoto lazima awe amesomea watoto. Yeye amesomea watu wazima.

— Si amekaa na watoto miaka ishirini? aliuliza Irmeli.

— Miaka si cheti. Arudi shule miaka mitatu.

— Na mwenye cheti?

— Yupo. Nafasi ya kwanza ni Februari.

Hakimu akapuliza kahawa yake.

— Mvumilivu hula mbivu.

— Mtoto si tufaha, Hakimu!

— Sheria ni sheria, mama. Abiria anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini tiketi hana.

— Ndiyo maana ulimshusha bibi kizee kwenye theluji.

— Mara moja tu! Na mizigo nilimbebea.

Nilidhani Irmeli angemshambulia tena. Badala yake alizungusha kikombe mkononi.

— Ila kanuni hazikuanguka kutoka mbinguni, alisema. Kaka yangu alipelekwa kwa bwana mmoja mpole, ndevu safi, karatasi hana hata moja. Akamwambia mama amfungie stoo mpaka aache kulia. Kaka ana miaka sitini na tisa. Lifti hapandi.

Tukanywa kahawa kidogo.

— Basi mtihani ubadilishwe, akasema Hakimu. Mwombaji afungiwe na mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye simu yake imeisha chaji. Saa nzima. Akitoka mzima, apewe cheti.

— Hiyo cha mtoto. Akalishwe ziwani Januari, kwenye shimo la barafu, siku tatu asipate samaki. Asiyelalamika, huyo anaweza kumsubiri mtoto aseme.

— Halafu apimwe na mbwa. Mbwa akimlalia miguuni, huyo bingwa.

— Akimng'ata?

— Akafundishe chuo kikuu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Inahusiana vipi hiyo?

— Inahusiana. Fikiri.

Taisto hakucheka.

— Sirkka hakuwa anamuuliza kitu, alisema. Walikuwa wanafumua sweta kuukuu, wanakunja nyuzi. Kila Alhamisi. Wiki ya tisa Aava akasema, "Rangi hii mbaya." Nilikuwa kwenye korido. Nikaenda kusimama chooni kwanza, nipanguse uso.



Mama posta mpya, mpeleka barua wa mtaa wetu, alikuwa ameegesha baiskeli karibu, na Irmeli, ambaye hajawahi kuacha mtu asimame bila kahawa, alikuwa amemmiminia. Akauliza:

— Samahani, wazee wangu. Huyo binti sasa hivi yuko na nani?

Tukatazamana.

— Yuko chumbani, akasema Taisto. Tangu Jumatatu, nilipomwambia.

— Na nani?

— Mlango ameufunga.

Aliishia hapo, na sisi tulimwelewa. Kwetu mlango ukifungwa hatubishi hodi. Mtu huachwa apumzike. Ndivyo tulivyolelewa, na waliotulea hivyo walitupenda. Hata mimi nilimsifu Taisto kimoyomoyo kwa subira ya siku nne zile. Lakini mama yule alikuwa bado anangoja jibu.

Taisto akasimama.

— Irmeli, nipe skafu yako ya kufumwa. Ile mbaya.

— Mbaya kasema nani? aliuliza Irmeli, huku keshaanza kuivua shingoni.

— Nitamwambia nini, lakini?

— Usiseme kitu, akasema Hakimu. Bisha hodi tu.

Taisto alivuka uwanja wa soko karibu akikimbia, ncha ya skafu ikining'inia mfukoni. Kahawa yake hakuigusa. Hakimu akavua kofia, akakifunika kile kikombe kisipoe, ingawa sote tulijua Taisto harudi siku ile.