Bi Wasiwasi na Milango ya Mtaa Wake

Ndugu, majirani na wateja, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili kati ya wanne. Marehemu mama yake alikuwa akisimulia kuwa kitoto kile kilikuwa hakilali mpaka baba arudi kutoka kazini na mlango utiwe komeo. Hapo ndipo kilipofumba macho. Jina la Bi Wasiwasi alipewa na mtaa ukubwani, lakini wasiwasi wenyewe alizaliwa nao.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1978. Walimu walimpa ukiranja na hawakujuta. Darasa likienda matembezini, yeye ndiye aliyewahesabu wenzake njia nzima, na hakupanda basi mpaka wa mwisho aonekane. Walimcheka sana. "Chekeni tu," aliwajibu, "ilimradi mnanicheka mkiwa wote."

Mwaka 1985, tarehe 6 Agosti, alifunga ndoa na Fundi, mshona nguo. Fundi husema bibi huyu alileta kitambaa cha gauni, kisha akawa anapita kila mara kuuliza kama litakuwa tayari, na siku ya ahadi bado haijafika. "Nikamwambia, dada, kaa hapahapa basi ulione linavyoshonwa. Akakaa."

Wakati huo alikuwa mpokea simu katika kampuni ya usafirishaji, kazi aliyoianza mwaka 1981. Asubuhi moja ya mwaka 1999 alifika akakuta geti limefungwa kwa mnyororo, kampuni imekufa, na hakuna aliyewaambia wafanyakazi kitu. Tangu siku ile, akiona mlango uliofungwa, moyo ulimwenda mbio. Baadaye alifungua duka lake la vifungo, nyuzi na zipu, ubavuni mwa duka la mumewe, na kila jioni alirudi kutikisa kufuli aliyokwisha kuitikisa.

Mwaka 2020 ugonjwa uliingia, watu wakafungiwa majumbani na mtaa ukanyamaza. Harusi hakuna, sare za shule hakuna, cherehani ya Fundi ikafunikwa shuka. Bi Wasiwasi alikuwa na hofu moja na aliitamka waziwazi: "Milango hii ikishazoea kufungwa, haifunguki tena." Binti yake mkubwa akamfungulia ukurasa mtandaoni na kumfundisha kupiga picha na kurekodi sauti. Basi kila asubuhi akawa anawauliza wenye maduka, "Haya, nani kafungua? Nitumieni picha ya mlango!" Mwoka mikate alituma, fundi viatu alituma, mama wa genge la mboga alituma, na kinyozi, aliyekuwa akinyoa kwa miadi, mteja mmoja mmoja, naye alituma. Bi Wasiwasi alizipandisha ukurasani na kuzisemea: "Mikate imetoka sasa hivi, agizeni kabla sijaimaliza mwenyewe." Watu waliagiza, kijana wa pikipiki akawapelekea mpaka nyumbani. Fundi akaondoa shuka, akashona barakoa.

Siku moja picha ya kinyozi haikuja. Bi Wasiwasi alipiga simu, haipatikani. Na siku zile watu walikuwa wanaondoka duniani kweli. Aliandika kwenye ukurasa: "Kinyozi hajafungua. Mwenye habari zake aseme." Kufika adhuhuri mtaa ulikuwa umeshamlilia. Kumbe kinyozi simu ilimwishia chaji, na mwenyewe alipitiwa na usingizi. Alikuja mbio akasimama nje ya duka la vifungo.

"Mama, umeniua! Shemeji zangu wako njiani kuja kunizika!"

Bi Wasiwasi alilia, akacheka, kisha akamgombeza. "Na wewe, ukifunga sema umefunga! Usituache tunahangaika!"

Wiki ile kinyozi alizidiwa na miadi, kila mtu alitaka kunyolewa na marehemu. Lakini si maduka yote yaliyonusurika. Mtengeneza saa mmoja alifunga duka lake moja kwa moja, na Bi Wasiwasi hakupita tena mbele ya duka lile bila kujiuliza kama alimsemea vya kutosha.

Ugonjwa ulipoisha, yeye aliendelea kuuliza kila asubuhi. Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua. Sisi nduguze tuliogopa, maana ukimuuliza hali alikujibu, "Mimi nina nini? Wewe umekula?" Daktari alimwambia apunguze mawazo. Akarudi nyumbani na wasiwasi kwamba hayapunguzi inavyotakiwa.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, swali lake halikuja. Mwoka mikate alidhani mtandao umekatika. Kinyozi aliandika kwenye ukurasa: "Bi Wasiwasi hajafungua. Mwenye habari zake aseme." Aliandika kwa utani, akasubiri kugombezwa. Wengine wakasubiri naye, na kadiri kimya kilivyozidi ndivyo utani ulivyowaishia. Alikuwa amefariki alfajiri, usingizini, kitandani kwake. Fundi alikumbuka agizo la mkewe kwamba anayefunga aseme. Akaichukua simu ya mkewe, akajibu kwa neno moja: "Amefunga."

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano, mdogo wake wa kike anayewasomea haya, na mtaa usiojua kesho utaulizwa na nani. Leo kabla ya kuja hapa, binti yake mkubwa alifungua ukurasa na kukuta picha zimeshafika bila kuombwa: ya mwoka mikate, ya fundi viatu, ya genge, ya kinyozi. Ya mwisho ilitoka kwa Fundi. Ni mlango wa duka la vifungo, na uko wazi.

Dada, wote wamefungua. Sasa fumba macho, ulale kwa amani.