Baba Aliokoka Ukurasa wa Ishirini

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naona wengine mmeitikia na wengine mnaangalia saa. Sitawachosha, lakini leo nikirudi kuketi bila kusema haya, nitakuwa nimewaficha.

Mimi ni Wambui. Nakaa Kimbo, nashona sare za shule, na nikipata nafasi naandika filamu. Kabla sijaja kwenye ushirika huu wa Kiuu nilikuwa kanisa lingine, na kikundi cha vijana cha huko kiliniomba skripti. Nikasema nitaandika habari za baba yangu, mlevi wa Ngoliba aliyeokoka. Hadithi hiyo naijua tangu darasa la tatu, maana Baba mwenyewe aliisimulia kwenye kila madhabahu kutoka Thika hadi Ruiru, mpaka alipofariki.

Ndugu zangu, niliiandika vile sisi hushuhudia. Dhambi, dhambi, dhambi, halafu wokovu. Baba akaokoka ukurasa wa ishirini. Nikaruka moja kwa moja hadi mazishi, kwaya ikiimba na watu wakilia. Katikati nikaacha kurasa hamsini tupu. Njeri, kiongozi wa kikundi, aliniuliza, "Sasa huyu mzee akishaokoka, anafanya nini?"

Nikarudi mezani kuandika. Miezi minne! Nikampa Baba safari ya kuhubiri, nikalikwamisha gari lake kwenye matope, nikamletea jirani mchawi. Yote nikafuta. Nikafunga na kuomba, bure. Nilianza kumchukia Mungu, na nawaambia hivyo kwa sababu ni kweli.

Tena nilijua vizuri shida iko wapi. Baba aliacha pombe, hakuacha ngumi. Jumapili anashuhudia, Jumatatu Mama anafunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Miaka tisa. Wazee wa kanisa walijua. Walikuja nyumbani, wakanywa chai yetu, wakamwambia Mama asiaibishe ushuhuda wa mumewe. Mpaka leo nikikumbuka ile chai hasira inanipanda.

Nikaenda Ngoliba. Mama alikuwa uani akipepeta ndengu. Nikamwambia nimeshindwa kuandika ile miaka. Akauweka ungo chini.

"Andika tu, mwanangu," akasema. "Lakini usinifanye malaika. Kila asubuhi nilimpikia uji, na nikiukoroga nilikuwa naomba Mungu amchukue. Alipokufa wakanisimamisha mbele, wakaniita mama wa imani. Niliona aibu sana."

Miaka yote hiyo nilidhani namjua mama yangu.

Hapo ndipo Bwana alinifungua, ndugu zangu, na sikuona nuru yoyote. Nilirudi Kimbo nikaandika uji. Mwanamke anakoroga, midomo yake inasogea kimya. Mumewe ameketi mezani na Biblia, anafurahi kwamba mke wake ni mtu wa maombi. Kutoka hapo kurasa zilikuja zenyewe, kitambaa, wazee, chai. Sikuhitaji mchawi tena. Wiki mbili tu, katikati ikaisha.

Kikundi kiliikataa. Wazee wa kanisa hilo waliisoma, wakasema haijengi, na Njeri, aliyeniuliza lile swali, hakunitetea. Sitawadanganya kwamba nimewasamehe wote. Naomba, lakini bado.

Skripti hiyo haijapata mtu wa kuifanya filamu, na huenda isipate. Lakini nilimpelekea Mama, nikamsomea nikimtafsiria kwa lugha ya nyumbani. Nilipofika kwenye uji akainamisha kichwa, nikasita, nikidhani nimemuumiza.

"Soma hapo tena," akasema. "Hayo sijawahi kusikia mtu akiyasema."

Nikasoma mara tatu.

Kwa hivyo namshukuru Mungu, aliyesikia maombi ya mama yangu asubuhi zote hizo na hakumtupa. Na wewe uliyeokoka zamani, na nyumbani kwako bado kunauma, usiruke ukatuambia mwisho tu. Mwamini Yeye. Anza na lile ombi unaloogopa mtu asije akalisikia. Yeye ataliweza. Sisi wa kanisani ndio tulishindwa.