Jaji Aliyejiwekea Kikomo

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Jaji Maren Haugstad anastaafu baada ya miaka kumi na minane kamili katika mahakama yetu ya shirikisho hapa Duluth. Hakuna aliyemwondoa, wala hakuna awezaye: aliteuliwa kwa maisha yake yote. Tarehe hii aliipanga mwenyewe siku alipoapishwa.

Alianzia humu humu, akiwa mwanasheria msaidizi wa Jaji Cornelius Baptie, mzee aliyempenda kama baba. Baptie alipofika miaka themanini na tisa, Maren ndiye aliyemshika mkono kumpandisha kitini. Asubuhi moja mzee alisoma, kwa sauti yake nzuri ileile, uamuzi uleule alioutoa wiki iliyotangulia, akidhani ni mpya. Mawakili waliinamisha vichwa. Hapakuwa na mtu wa kumwambia inatosha. Maren akamfungia jalada taratibu.

Tangu hapo ameandika na kusema kila mahali kwamba majaji wapewe kipindi chenye mwisho. Sheria haikubadilika. Akajiwekea yake.

Tulijaribu kumzuia. Mwezi uliopita Orville Stroud, askari wetu wa mahakama, alimvizia kwenye lifti.

"Mheshimiwa, miaka sitini na sita! Bado msichana wewe. Katiba imekupa maisha yote."

"Imenipa, Orville. Haikusema niyamalizie humu na wewe."

"Basi chukua kesi chache, kama wenzako."

"Na hizo chache, nani ataniambia zimenishinda? Wewe? Huwezi hata kuniambia nimevaa joho kinyume."

"Leo umelivaa kinyume kweli, Mheshimiwa. Tangu asubuhi."

Jaji alicheka mpaka akashika ukuta.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuapisha raia wapya. Siku moja kabla, huja kwetu sisi wakalimani kujifunza kutamka kila jina. Sisi tuliotoka mbali tunajua ilivyo kuitwa jina lako sawasawa katika nchi ya watu. Wiki iliyopita aliapisha thelathini na wanne, kisha akabaki ukumbini peke yake, muda mrefu, akitazama viti vitupu.

Wengi wetu tunaamini hoja yake ni ya haki. Hata hivyo tulitamani aivunje ahadi, walau kwa mwaka mmoja. Hakuivunja.

Asante, Mheshimiwa. Tunakutakia maisha marefu na matamu, hayo ambayo hakuna serikali iliyokuteulia.