Leseni Iliyobanwa Ndani ya Jalada

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Wakunga, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Nidhamu, mawakili wasomi, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mama mkunga uliyekaa kule mlangoni, habari za mchana.

Nimeambiwa niseme maneno mafupi na matamu, kwa kuwa leo nastaafu. Mafupi nitajitahidi. Matamu, mtanisamehe.

Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mkadiriaji wa gharama hapa. Kesi ya nidhamu ikiisha, aliyeshinda huleta orodha ya gharama za wakili wake, aliyeshindwa huzipinga, nami naamua zipi ni halali. Ni kazi ya wiki mbili. Mama huyu wa mlangoni alishtakiwa kwamba alitoroka zamu. Ikathibitika alikuwa chumba cha pili, anazalisha mapacha. Kesi ilichukua siku tatu. Mabishano ya gharama yana miaka mitatu na nusu na bado yanaendelea! Hivi jamani, tuna akili timamu kweli?

Wakili wake, rafiki yangu Mzee Kurasa, naona unacheka: uliandika saa mbili za kusoma barua ya mistari minne. Na wewe wakili wa Baraza, ulipinga kwa kurasa kumi na moja kuhusu barua hiyo hiyo, kisha ukadai gharama za kuandika pingamizi. Tukaahirisha. Mzee Kurasa akadai gharama za kuahirishwa. Nilitamani kuwafungia nyote wawili chumbani na kuondoka na ufunguo.

Muda wote huo leseni ya mama huyu ilikuwa imebanwa kwa pini ndani ya jalada. Kila mwezi alikuja dirishani kwangu. "Baba, leo je?" Nami namjibu, "Mama, mpaka jalada lifungwe. Kanuni ndiyo hiyo." Siku moja akaniambia mkwewe amejifungua, na yeye, mkunga wa miaka ishirini, alisimama koridoni na mkoba wake kama mgeni.

Juzi, nikisafisha meza, nikaitafuta kanuni hiyo ili nimwachie mrithi wangu nakala. Nimeitafuta siku mbili. Haipo. Mheshimiwa Mwenyekiti, haipo! Aliyenitangulia aliniambia ipo, nami nikawaambia ninyi, na kwa saa zote mlizozidai, mawakili wangu, hakuna aliyefungua kitabu cha kanuni akaangalia. Nimekasirika, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Mama, nisamehe.

Gharama zenu endeleeni kuzigombania. Mrithi wangu nampa pole. Leseni nimeichomoa leo asubuhi, kazi ya nusu dakika. Na muda wake umeshapita, umekwisha ikiwa humo humo jaladani! Fomu ya kuihuisha nimeijaza kwa mkono wangu. Mheshimiwa Mwenyekiti, inataka saini yako tu, na sishuki hapa jukwaani mpaka uiweke.

Asanteni sana kwa kunisikiliza na kunivumilia. Mheshimiwa, kalamu hii hapa.