Pivot anavushwa kwenda Lubunga

Jeneza lilikuwa refu kuliko kawaida, kwa hiyo ndani ya mtumbwi wa injini abiria wote tulikaa magoti yakiligusa. Alilala humo Bolamba, pivot, yaani mchezaji wa kati wa mpira wa kikapu, aliyelinda kikapu cha timu ya Mangobo kwa urefu wake.

“Papa, ni weye ule meneur mufupi, mwenye alikuwa anaongoza mupira ya timu ingine?” mdogo wake marehemu, mrefu vilevile, alimuuliza mzee mfupi asiyemfahamu. “Yaya Bolamba alikuwa anasema, mutu kwa mutu, haukumupita hata siku moja.”

“Nilikuwa namupita, leki, mudogo yangu. Murefu anageuka polepole.”

“Na kisha? Mukono yake ilikuwa inakungojea kule juu.”

“Bon, mupira haikuwa inangojea mukono.”

Mbele ya maiti! Nilitaka kuwanyamazisha, lakini mjane mwenyewe alikuwa akiwasikiliza kwa makini.

Tuligusa mchanga wa Lubunga, ng’ambo ya mto. Wabebaji hupangwa kwa urefu ili mabega yalingane, na mzee akaambiwa akae kando. Alikataa, akashika upande wa kichwani. Yule mrefu akaja kushika pembeni yake, akakunja magoti mpaka mabega yao yakalingana.

“Alikuwa anakuzuia,” alisema.

“Nilikuwa namupita,” mzee alijibu akilia, nao wakaanza kupanda ukingo.